Barua ya Watu wa Isambwe

Watu wa Isambwe walipofika barazani kwa Balozi Melkizedeki Alute walimkuta anaandika. Walikuwa watatu. Walikaa kwenye benchi wakamsubiri amalize, kwa kuwa walikuwa na adabu, na kwa kuwa shida iliyowaleta ilikuwa hiyohiyo ya kuandika.

Balozi alifika mwisho wa sentensi, akaifunika kalamu, ndipo akainuka.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Ungeendelea tu. Tunaweza kungoja."

"Nimemaliza. Karibuni. Theodora! Wageni!"

Dorika alikuwa dada yake mkubwa, mjane wa miaka sitini na ushee. Alikuwa ametembea saa mbili kutoka bondeni Isambwe, walikozaliwa wote wawili, hadi hapa kando ya barabara ya Dodoma, ambako mdogo wake alijenga nyumba ya matofali na bati alipostaafu ubalozi mwaka uliopita. Pamoja naye walikuja Lea, mama kijana mwenye mtoto mgongoni, ambaye mume wake alikuwa kibarua wa reli Manyoni, na Antipasi, balozi wa nyumba kumi.

"Balozi mdogo amekuja kwa balozi mkubwa," alisema Antipasi. Wote walicheka, ingawa utani huo aliusema kila alipokuja. Kisha akaacha kucheka. "Mzee, tumeambiwa mwisho wa mwezi huu tuwe tumehama. Isambwe yote. Tuje huku barabarani."

"Nimesikia."

"Sisi hatukatai kijiji cha ujamaa. Hilo uliandike mwanzoni kabisa. Hatukatai. Ila huku hakuna kisima, hakuna hata kibanda kimoja, na sisi uwele tumekwisha kuupanda. Tunaomba tuvune kwanza. Mwezi wa sita tutakuja wenyewe kwa miguu yetu, hata lori wasituletee."

"Mmemwambia Katibu Kata?"

"Tumemwambia mara mbili. Anasema yeye ametumwa tu. Ndiyo maana tukasema, aliyemtuma naye ametumwa, na huko juu kabisa kuna watu waliokula sahani moja na ndugu yetu."

Balozi alitabasamu. Ilikuwa kweli. Alikuwa ameanza kama mwalimu wa shule ya misheni, na nchi ilipopata uhuru ikamwita kwa sababu wasomi walikuwa wachache. Miaka kumi na moja aliishi katika nchi za baridi. Huko alijulikana kwa jambo moja: hotuba zake za kuwatetea watu weusi wa Afrika Kusini, waliokuwa wanafukuzwa na makaburu kutoka kwenye ardhi ya baba zao. Hotuba hizo zilikusanywa zikawa kijitabu, *Kwa Niaba ya Wengine*, na kijitabu hicho kilisomwa hadi katika shule za sekondari za Singida. Sasa alikuwa anaandika kitabu kikubwa, cha maisha yake yote. Mchapishaji wa Dar es Salaam alikuwa amekwisha kukubali kukitoa.

"Nitaandika sasa hivi," alisema. "Mkiwapo."

Aliandika kwa muda wa saa nzima, nao walimtazama kama watu wanavyomtazama mganga akichanganya dawa. Alipomaliza aliwasomea. Ilikuwa barua nzuri. Ilisema kwamba watu wa Isambwe wanakipenda kijiji, lakini mtu hawezi kujenga, kulima na kutafuta maji kwa siku moja. Kwamba mvua imekaribia. Kwamba wanaomba miezi saba tu. Lea aliomba asomewe tena pale palipotajwa visima. Dorika alifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Hayo ndiyo maneno," alisema. "Ndiyo hasa. Sisi tunayo moyoni lakini hayatoki hivyo."

Antipasi aliandika jina lake polepole, herufi baada ya herufi. Dorika na Lea walipaka wino kwenye dole gumba wakaligandamiza chini ya karatasi. Theodora, mke wa Balozi, aliwaletea uji wa uwele, akawasindikiza hadi kwenye mti wa mgunga. Aliporudi, bahasha ilikuwa mezani, imekwisha kuandikwa anwani.

"Kesho lori la pamba likipita nitampa dereva," Balozi alisema. "Ataitia posta Singida."

Kesho yake, kabla lori halijapita, alikuja Katibu Kata.

Fabiano alikuwa kijana mwenye heshima sana. Aliegemeza baiskeli yake ukutani kwa uangalifu ili isikwaruze chokaa, akasalimia kwa kuinama kidogo, akakataa kukaa mpaka alipoambiwa mara ya pili.

"Mzee, nimeleta habari njema. Wakubwa wamesema kamati ya kuwapokea wananchi iongozwe na wewe. Wamesema mtu kama wewe akisimama mbele, watu watatulia. Na kijiji kitapimwa kuanzia hapa kwako. Nyumba yako ndiyo itakuwa katikati. Wewe huhami hata hatua moja."

"Ni heshima kubwa," alisema Balozi.

"Ni haki yako, Mzee. Tulikusoma darasani." Fabiano alishusha sauti. "Tatizo ni wachache. Kuna watu huko bondeni wanapita wakiwaambia wenzao wasihame, eti kuna barua zitaandikwa kwenda juu. Hao tunawatafuta. Si wananchi, ni watu waliotumwa kutuvurugia."

Bahasha ilikuwa mezani, hatua moja kutoka mkono wa Fabiano. Anwani ilikuwa imegeuzwa juu. Balozi aliweka kiwiko chake juu yake, taratibu, kama mtu aliyechoka anayetafuta pa kuegemea, akazungumza habari za mvua hadi kijana yule alipoaga. Hakuna aliyemtisha. Baadaye, kila alipojaribu kukumbuka tisho lilikuwa lipi, hakulipata. Alikumbuka tu kwamba kiwiko chake kilikwenda chenyewe.

Lori la pamba lilipita. Balozi alikuwa ndani, anaandika upya.

Alijiambia kwamba maneno yalikuwa makali mno na yangewaudhi wasomaji. Kazi yake yote ya ubalozi ilikuwa hiyo, kulainisha maneno mpaka yapite mlangoni. Barua ya kwanza ilisema "tunaomba". Ya pili ilisema "tungependa kutoa rai". Siku mbili baadaye aliandika ya tatu, iliyosema kwamba "baadhi ya wananchi wana mtazamo ambao pengine ungefaa kufahamika kwa wakati mwafaka". Aliisoma akaona ni barua ambayo haiwezi kumdhuru mtu yeyote. Akazitia zote tatu kwenye droo ya meza.

Jumapili Dorika alimngoja nje ya kanisa.

"Mdogo wangu, barua vipi?"

"Mambo yanakwenda vizuri, dada."

"Kwa hiyo tungoje? Maana wengine wanasema tuanze kuhamisha vilindo vya nafaka mapema, tujenge hata vibanda vya nyasi. Wengine wanasema tukihamisha tutaonekana tumekubali."

Waumini walikuwa wanapita wakimsalimu Balozi mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, naye akiitikia. Kati ya marahaba moja na nyingine alimjibu dada yake.

"Ngojeni," alisema.

Malori yalikuja Alhamisi, na mvua ya kwanza ikaja nayo.

Kutoka barazani kwake Balozi aliwaona wakishushwa, kaya baada ya kaya, mbele ya nyumba yake, kwa kuwa hapo ndipo katikati ya kijiji. Mgambo walikuwa wamefika Isambwe alfajiri. Walikuta watu hawajafunga kitu chochote. Hapakuwa na kupigwa sana. Walisukumwa, wakafokewa, vitu vikatupwa juu ya malori bila mpango. Kisha mgambo walipanda juu ya tembe, zile nyumba za paa la udongo, wakang'oa miti ya paa na kumwaga udongo ndani, ili mtu asipate pa kurudi. Vilindo vilipakiwa kwanza na magodoro juu yake, vifuniko vikapotea, na mvua ikanyesha njia nzima.

Dorika alishuka akiwa ameshika kifuniko cha kilindo kwa mikono miwili. Kilindo chenyewe, pipa la magome ya mti yaliyoshonwa, kilikuwa chini ya vitu vya watu wengine, maji yanachuruzika kutoka kwenye mishono yake. Kanga yake ilikuwa imegandamana na mwili na watu walimwona hivyo, mama mzima, mbele ya wanaume wakwe zake. Theodora alikimbia na shuka akamfunika.

Fabiano naye alikuwa amelowa na alikuwa amekasirika, kwa sababu kazi aliyoipanga vizuri ilikuwa imeharibika. Alipanda kwenye ngazi ya baraza ya Balozi.

"Mlipewa wiki tatu!" alisema. "Wiki tatu! Vijiji vingine watu wamehama na nafaka yao kavu. Nani aliwaambia mngoje?"

Antipasi alisogea mbele.

"Mimi, Ndugu Katibu. Niliwaambia nyumba zangu kumi tungoje majibu ya barua."

"Barua gani?"

"Barua ya maombi. Balozi alituandikia."

Macho yote yalihama kutoka kwa Antipasi hadi barazani. Balozi alikuwa amesimama chini ya bati lake, mkavu, amevaa koti.

"Mzee," aliuliza Fabiano, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba aambiwe hapana, "kuna barua uliyoituma kuhusu watu hawa?"

Katika miaka yake yote Balozi alikuwa amejifunza kutosema uongo pale ambapo ukweli mwembamba unatosha.

"Hakuna barua yoyote niliyoituma," alisema.

Kila neno lilikuwa la kweli. Antipasi alimtazama kwa muda, si kwa hasira, kama mtu aliyesikia vibaya na anangoja arudiwe. Hakurudiwa. Mgambo wawili walimshika mikono wakampandisha kwenye lori, akapelekwa mahabusu ya tarafa kwa kosa la kuwapotosha wananchi.

Dorika na Lea walipewa chumba cha nyuma katika nyumba ya Balozi. Mezani mchana Dorika alikula kidogo, akamngoja Theodora atoke na vyombo, ndipo akamwinamia mdogo wake.

"Ulifanya vizuri kuwaficha," alinong'ona.

"Kuwaficha nini?"

"Barua. Ungesema umeituma wangeikamata njiani. Nimewaeleza kina mama polepole. Nimewaambia yule ni mtu wa siasa, anajua lini aseme na lini anyamaze. Sasa hivi iko Dar es Salaam. Majibu yakija tutarudi."

Balozi alishusha kijiko.

"Dada, watu wajenge vibanda. Mvua imeanza."

"Watajengaje na wanarudi? Ukikata nyasi umekubali. Acha tu. Tutavumilia." Alimgusa mkono. "Antipasi naye ataelewa. Akitoka atakushukuru."

Kwa siku tano mfululizo watu wa Isambwe walikaa chini ya magodoro na turubai za kuazima, wakisubiri barua iliyokuwa kwenye droo. Kutoka dirishani kwake Balozi aliona wale wa vijiji vingine wakikata miti na kuezeka nyasi, na watu wake wamekaa. Walipomwona walimpungia mkono kwa siri, kama watu wanaoshirikiana jambo. Mtoto wa Lea alianza kukohoa. Jioni moja mzee mmoja asiyejua kusoma alimwendea akamuuliza, kwa sauti ya chini, posta ya Dar es Salaam huchukua siku ngapi. Balozi alimjibu kwamba inategemea.

Siku ya sita jua lilitoka. Theodora aliamua kuutoa uwele wa Dorika chumbani uanikwe, na kuweka uliokauka kwenye chumba cha kuandikia, kwa kuwa ndicho kilichokuwa na sakafu ya saruji. Alisogeza meza. Droo ikateleza ikafunguka.

Mumewe alipoingia alimkuta ameketi kwenye kiti chake, karatasi tatu zimepangwa mbele yake.

"Nimezisoma zote," alisema. "Hii ya kwanza ina vidole vya watu. Hii ya pili inaona haya. Hii ya tatu haiombi kitu."

"Theodora, nilikuwa nangoja wakati unaofaa."

"Umewaambia wangoje na wewe unangoja."

Balozi alifunga mlango. "Hujui hali ilivyo. Fabiano alikaa pale, karibu na bahasha. Anasema wanawatafuta wanaoandika barua. Mchapishaji ana kitabu changu. Pensheni yangu inatoka palepale. Na mimi mwenyewe, Theodora, mimi naamini vijiji. Nimevitetea mbele ya wazungu. Leo niandike kwamba havifai?"

"Walikuambia uandike kwamba havifai?"

Balozi alisogeza kalamu mezani.

"Walisema wavune kwanza," alisema Theodora. Alikuwa mwalimu kabla ya kuolewa, na huko ughaibuni ndiye aliyekuwa anampigia chapa hotuba zake, kwa sababu ubalozi ulikuwa na karani mmoja tu. "Ile hotuba ya watu wa Kusini niliipiga chapa mara sita. Kila ukibadilisha neno, mimi narudia ukurasa mzima. Naijua kwa moyo. 'Anayehamishwa kwa nguvu huibiwa mara mbili, kwanza nyumba yake, halafu neno lake.' Siku ile watu walisimama wakakupigia makofi, nami nililia kwenye viti vya wageni."

"Wale ni makaburu. Hawa ni serikali yetu. Si kitu kimoja."

"Si kitu kimoja," Theodora alikubali. "Kule ulikuwa mbali."

Alizikusanya zile karatasi, akamwekea ya kwanza mkononi.

"Mtu amelala mahabusu siku sita kwa kusema kweli. Mimi sitakwenda kumsemea. Sikuikalia barua mimi."

Walikwenda wote wawili kwa basi la asubuhi. Katika ofisi ya tarafa Balozi aliandika jina lake kwenye daftari la wageni, na kabla hajaketi mlango ukafunguka. Katibu Tarafa, Idrissa, alikuja mwenyewe kumpokea, akifunga kifungo cha shati.

"Shikamoo, Mzee! Shikamoo, mama! Ungetuma ujumbe tu, tungekuja na Land Rover. Leteni chai! Unajua, Mzee, kwenye mtihani wangu wa kidato cha nne niliandika insha kuhusu kijitabu chako."

"Nimekuja kwa ajili ya Antipasi," alisema Balozi.

"Yule mpotoshaji."

"Hakupotosha. Alisema kweli. Niliandika barua kwa niaba yao. Nikaahidi kuituma. Nikawaambia wangoje. Sikuituma. Hii hapa." Aliiweka mezani.

Idrissa aliitazama bahasha bila kuigusa. Kisha akamtazama Balozi, na uso wake ukalainika kwa upendo.

"Mzee," alisema, "nimeelewa. Unataka kubeba kosa la mtu wa kwenu. Ndivyo ulivyo. Hata kwenye hotuba zako ndivyo ulivyo."

"Sibebi kosa la mtu. Kosa ni langu."

"Hukutuma barua. Barua isiyotumwa si barua. Kosa liko wapi?" Alisukuma bahasha taratibu kwa ncha ya penseli mpaka ikarudi upande wa Balozi. "Iweke, Mzee. Nikiisoma itabidi niifanyie kazi. Kwa heshima yako namwachia huyo bwana leo hii. Tusiongeze neno."

"Nataka iandikwe kwamba alisema kweli."

"Iandikwe wapi? Hapa hakuna faili. Alikuwa amewekwa kidogo tu."

Balozi alifungua mdomo. Maneno mengi yalikuwa tayari, yale aliyoyatumia miaka kumi na moja mbele ya watu wakubwa kuliko huyu, na yote yalikuwa mazuri. Theodora alikuwa anamtazama. Lakini chai ililetwa, na Idrissa akasimama amtilie sukari kwa mkono wake mwenyewe, akamuuliza vijiko viwili au vitatu, na Balozi akasikia sauti yake ikijibu, viwili.

Antipasi aliletwa akiwa hana mkanda. Alikuwa amekonda usoni, na suruali aliishika kwa mkono.

"Mshukuru Balozi," Idrissa alimwambia. "Bila yeye ungekaa."

Antipasi alimtazama Balozi, akatazama kikombe cha chai mkononi mwake.

"Ahsante, Balozi," alisema.

Basi la kurudi lilijaa, wakapata lori la chumvi lililokuwa linatoka Shelui. Dereva alimpisha Theodora mbele. Wanaume wawili walikaa nyuma juu ya magunia. Balozi alisema yote hapo, akipaza sauti kwa ajili ya upepo: droo, karatasi tatu, kiwiko, kanisani. Kupaza sauti kulifanya maneno yawe mabaya zaidi, kwa kuwa mtu hawezi kulainisha anapopiga kelele.

Antipasi alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo ile Alhamisi, ulipojibu, uliiona barua?"

"Niliiona. Kichwani mwangu niliiona kwenye droo."

"Mimi nilidhani nimeota. Kule ndani niliwaza siku nzima, labda hatukuja kwako. Labda niliota tumekuja." Alishika gunia, lori likipanda mlima. "Na mimi niliogopa, Mzee. Katibu alipouliza nani, nilitaka kurudi nyuma. Ila mimi watu wa nyumba kumi wanalala ninapolala, wanaamka ninapoamka. Sikuwa na pa kuificha."

"Unisamehe."

"Mimi ni mmoja. Umewaambia wengine?"

"Bado."

"Basi usianze na mimi." Antipasi aligeukia upande wa barabara.

Dorika alikuwa uani kwa Balozi pamoja na kina mama wanne, wanachambua uwele uliochipua. Uliooza walikuwa wanautupia kuku, uliobaki wanauanika kwenye jamvi. Alipomwona Antipasi alipiga vigelegele, na wenzake wakapokea.

"Si niliwaambia!" alisema. "Si niliwaambia huyu hawezi kutuacha! Amekwenda kumtoa mwenyewe!"

"Dada," alisema Balozi. "Nyamaza kidogo. Sikuituma barua."

"Ndiyo, ndiyo," alisema Dorika akikonyeza macho kwa wenzake. "Hukuituma."

"Dada, sifichi. Sikuituma kweli. Hii hapa, na kidole chako hiki. Niliogopa nikaitia kwenye droo. Kanisani nilipokuambia mngoje, ilikuwa kwenye droo. Hakuna majibu yatakayokuja. Hakuna mtu Dar es Salaam anayejua habari zenu."

Dorika aliishika ile karatasi. Hakujua kusoma, lakini alijua kidole chake. Alikitazama, akageuza karatasi nyuma, akairudisha mbele. Mikono yake ilikuwa na vumbi la uwele. Mwanamke mmoja alisema "Mungu wangu" kwa Kinyaturu, mwingine akaacha kuchambua. Antipasi alikuwa amesimama kando, ameshika suruali yake.

"Ningehamisha nafaka," alisema Dorika. Hakuwa anamwambia mtu. "Nilikuwa na siku nne nzima. Mtoto wa Lea angekuwa kwenye kibanda kikavu."

"Nisamehe, dada."

"Nimewaambia watu hawa kwamba wewe hudanganyi. Nimepita kwao mmoja mmoja. Wamekaa kwenye matope siku saba kwa neno langu, si kwa neno lako. Neno lako hawalijui, wanalijua langu." Alimtazama kwa mara ya kwanza tangu alipoanza kusema, na Balozi alitamani amtukane. "Sasa nipite tena niwaambie nini?"

"Nitapita mwenyewe."

"Pita. Uwaambie wakate nyasi leo, kabla mawingu hayajarudi. Halafu uwaambie kwa nini. Usiwape hotuba."

Alijifunga kanga upya, akaingia ndani akatoka na godoro lake kichwani. Theodora alimwomba abaki. Dorika alimshukuru kwa upole, akamshukuru kwa uji, kwa shuka, kwa kila kitu, kama mgeni anayeaga, akaelekea kwenye kiwanja chake kilichowekewa vijiti vinne kwenye matope. Lea alichukua mtoto wake na sufuria akamfuata. Chumba cha nyuma kilibaki wazi.

Balozi alivua koti akalitundika. Alianza na upande wa chini, ambako kaya zilikuwa zimesongamana zaidi. Kibanda cha kwanza hakikuwa kibanda. Ilikuwa turubai iliyofungwa kwenye miti mitatu, na ndani yake mama mmoja mzee, Damari, aliyekuwa anamjua tangu utotoni. Hapakuwa na mlango wa kugonga. Alisimama nje.

"Hodi."

"Nani? Ni wewe, Balozi?" Kulisikika purukushani. "Majibu yamekuja? Karibu, karibu baba. Ngoja kidogo, ngoja nitafute kitu cha kukalia."

"Nitasimama tu, mama."

"Usimame kwangu, mtu kama wewe? Haiwezekani."

Vigoda vyake vilibaki Isambwe chini ya udongo. Alitazama huku na huku, akakosa, akajifungua kanga ya juu, ile kavu, akaikunja mara mbili na kuitandika juu ya matope. Aliipapasa kwa kiganja ilale vizuri.

Balozi aliketi juu yake, akaanza kusema.